Je, wanaume huvutiwa na vipodozi?

NI mwanamke gani asiyefurahi kuambiwa kwamba amependeza? Tangu jadi, wanawake wa Pwani wamejitia wanja na hina, wakajifukiza udi na kupachika asumini nywelini. Mjini siku hizi mambo yameongezeka: kuna poda, rangi ya mdomo, kope za kubandika, kucha bandia, nywele za kuongezea na krimu za kung'arisha ngozi.

Kujipamba si kosa. Lakini kabla hujafungua mkoba, jiulize swali hili: je, mambo hayo yote humfanya mwanamke avutie zaidi machoni pa mwanamume? Na ikiwa ndivyo, ni yapi yafaayo na ni yapi yatakayokupeleka hospitalini?

Jicho hutafuta nini

Vipodozi vya kawaida husaidia, na sababu yake yajulikana. Jicho la binadamu hupenda ngozi yenye rangi sawa, isiyo na mabaka, kwa kuwa huihusisha na ujana na afya njema. Poda huficha madoa. Wanja na rangi ya mdomo nazo huyafanya macho na midomo yaonekane wazi zaidi usoni.

Hata hivyo, msaada huo ni mdogo kuliko unavyodhani. Mwaka wa 2014, wanasaikolojia Alex Jones, Robin Kramer na Robert Ward walitoa matokeo ya jaribio moja. Wanawake walipigwa picha bila vipodozi, kisha wakapigwa tena baada ya kujipodoa kana kwamba wanatoka usiku kwenda kujiburudisha. Watu walioonyeshwa picha hizo, wanaume kwa wanawake, walichagua kiasi kidogo cha vipodozi kuliko kile ambacho wanawake hao walikuwa wamejipaka. Lakini walipoulizwa wengine wangependa kiasi gani, walitaja kingi zaidi! Yaani kila mtu alidhani ni wenzake wanaopenda vipodozi vingi, ilhali wenzake hawakuvitaka.

Mwaka uliofuata, Jones na Kramer walionyesha kwamba vipodozi hubadilisha uzuri wa uso kwa kiasi kidogo sana kikilinganishwa na tofauti za kimaumbile baina ya mtu na mtu.

Kosa kama hilo liliwahi kuonekana kuhusu umbo la mwili. Mwaka wa 1985, April Fallon na Paul Rozin waligundua kwamba wanafunzi wa kike wa chuo kikuu nchini Marekani walidhani wanaume wanapenda wanawake wembamba kuliko ilivyokuwa kweli. Mara nyingi, basi, mwanamke hujipamba kwa ajili ya mwanamume wa kufikirika tu.

Na 'rangi ya thao' je?

Huenda ukasema: hayo ni ya Wazungu, hapa kwetu wanaume huwasifu hadharani wasichana wa 'rangi ya thao'. Ni kweli wapo wanaosema hivyo, na maneno yao ndiyo yamewafanya akina dada wengi wajichubue.

Lakini kumbuka tulivyosema: jicho hupenda rangi iliyo sawa. Kujichubua huleta kinyume chake. Tazama vitu vitatu vinavyotiwa katika krimu nyingi za aina hii.

Cha kwanza ni haidrokwinoni. Huzuia ngozi kutengeneza melanini, ambayo ndiyo rangi yetu na ndiyo ngao yetu dhidi ya jua. Ikitumiwa kwa muda mrefu, hasa na mtu anayeshinda juani, huweza kuleta mabaka meusi yenye rangi ya samawati mashavuni, ambayo ni vigumu mno kuyaondoa. Hayo ndiyo madhara ambayo madaktari wa Afrika Kusini walieleza katika miaka ya 1970.

Cha pili ni steroidi kali, mathalani clobetasol na betamethasone. Hizi ni dawa za kutibu magonjwa ya ngozi, si za urembo. Zikipakwa kila siku, ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, michirizi hutokea na chunusi hujaa usoni. Zikipenya mwilini kwa wingi, huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu.

Cha tatu, na kibaya zaidi, ni zebaki. Zebaki hupita kwenye ngozi, ikaingia katika damu na kutua kwenye figo. Kenya ina ushahidi wake yenyewe. Mwaka wa 1972, madaktari walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 60 wa Nairobi ambao figo zao zilikuwa zikivujisha protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki.

Hatari hiyo haiishii kwa anayejipaka. Zebaki humfikia mtoto aliye tumboni, na huweza pia kuwadhuru walio nyumbani kupitia mvuke, taulo na mashuka.

Dalili za kuangalia

Mwone daktari bila kuchelewa ikiwa umekuwa ukitumia krimu hizo na ukaona dalili hizi:

- uso au miguu imevimba, hasa asubuhi;
- mkojo unatoa povu jingi;
- mikono inatetemeka, au umeanza kusahau na kukasirika ovyo;
- vidonda haviponi upesi;
- mabaka yanazidi kuwa meusi kila unapoongeza krimu.

Nenda na kopo lenyewe, wala usione haya. Krimu yenye zebaki yafaa iachwe mara moja. Ile yenye steroidi, ikiwa umeitumia kwa muda mrefu, usiiache ghafla kabla ya kumwona daktari, kwa maana ngozi huweza kufura na kuwaka kama moto.

Jipambe kwa usalama

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku krimu zenye haidrokwinoni, zebaki na steroidi za kuchubua tangu mwaka wa 1998, lakini marufuku pekee hayawezi kukulinda. Soma maandishi yaliyo kwenye kopo. Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Usinunue krimu isiyotaja vilivyomo, wala mkorogo uliochanganywa na mtu kibandani.

Jihadhari pia na piko, ile rangi nyeusi inayopakwa mikononi wakati wa harusi. Mara nyingi hutengenezwa kwa dawa ya kupaka nywele, na huweza kuleta malengelenge. Hina halisi ni ya rangi ya kahawia au nyekundu, si nyeusi.

Kuhusu wanja, usimwazime mwenzako kijiti chako, kwani magonjwa ya macho huambukizwa hivyo. Na kabla ya kulala, nawa uso.

Kwa hivyo, dada msomaji, kipimo ni rahisi. Pambo linalotoka kwa maji na sabuni jioni halina neno, lipake ukipenda. Pambo linalokula ngozi ili likupe rangi nyingine ni deni ambalo figo zako ndizo zitakazolilipa.

Nawe kaka, unapomsifu msichana kwa weupe wake mbele ya wenzake, jua kuna mwingine anayesikia, na pengine kesho atakwenda kununua kopo.