HONGO: NENO LA NJIANI KATIKA SAFARI YA SPEKE

Msomaji wa leo akifungua kitabu cha John Hanning Speke cha mwaka 1863, kinachoeleza safari yake ya kutafuta chanzo cha mto Naili, hukutana na neno hongo karibu kila alipokuwapo mtemi. Kwa kuwa neno hilo sasa ni sawa na rushwa, huwa tayari kudhani kwamba watemi wa bara walikuwa wala rushwa. Kosa hili nimelisikia darasani mara nyingi, nalo ni kosa la lugha kabla halijawa la historia.

Katika Kiswahili cha misafara hongo ilikuwa malipo ya njia. Tutazame Ugogo, nchi iliyo kati ya nyika mbili kavu: Marenga Mkali upande wa mashariki, na Mgunda Mkali upande wa magharibi. (Mwanafunzi wa ngeli ataona mara moja kwamba marenga, yaani maji, yalistahili kuwa makali, lakini ndivyo wasafiri walivyotamka.) Huko maji ya kiangazi yalipatikana katika visima vichache vya wenyeji, na msafara wa watu mia kadhaa uliweza kukausha kisima upesi. Mwenye nchi alidai merikani, kaniki, shanga au nyaya za shaba. Akisharidhika, ngoma ilipigwa ili kila mtu ajue kuwa njia i wazi. Malipo yanayotangazwa kwa ngoma hayawezi kuitwa rushwa.

Mwaka 1861 Speke na mwenzake Grant walitoka Kaze, karibu na Tabora ya leo, wakaelekea kaskazini kwenda Uzinza, wakipita upande ule wa nchi ulipo mji wa Masumbwe katika mkoa wa Geita. Huko Makaka na Lumeresi walidai hongo kubwa, na Speke katika vichwa vya sura yake aliandika habari hizo kama unyang'anyi. Tarehe 16 Septemba msafara wa Grant ulivamiwa kweli ulipoingia nchi ya Myonga. Baadaye sehemu ya mizigo ilirudishwa. Uvamizi huo ni jambo moja, na hongo ni jambo jingine. Speke aliwachanganya wote pamoja, wala si ajabu: alizungumza na mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, kwa Kihindustani, na madai ya watemi yalimfikia yakiwa yamepita vinywa viwili au vitatu.

Wasumbwa wenyewe walikuwa wasafiri na wachukuzi mashuhuri. Msiri, aliyetawala Katanga hadi alipouawa mwaka 1891, asili yake ni Usumbwa. Watu wa namna hiyo walilijua neno hili kutoka pande zote mbili, kwa kutoza na kwa kutozwa.

Maana ilipogeuka, naona sababu ni hii: utawala wa Kijerumani uliwaondolea watemi mamlaka juu ya njia, hongo ikakosa mwenye haki ya kuipokea. Kitenzi honga kikabaki, kikatafuta kazi nyingine; na leo huhongwa karani, na hata mchumba.