Mali ya Manju

Mgeni afikaye Isikizya, makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Uyui katika mkoa wa Tabora, hana haja ya kuuliza watu wa nchi hiyo hupenda muziki gani. Spika ndogo zimefungwa juu ya baiskeli na pikipiki, simu zimo mifukoni mwa wachungaji na wakulima wa tumbaku, na kutoka humo hutoka sauti za mamanju, yaani watunzi na viongozi wa ngoma, wa Kinyamwezi na Kisukuma, za kwaya, za Bongo Fleva na za bendi za zamani ambazo leo huitwa zilipendwa. Nyingi ya nyimbo hizo hazikununuliwa kwa mwimbaji wala kwa wakala wake. Mtu mmoja alizipakua kwa bando lake, kijana mwenye kompyuta akazitia katika memori kadi kwa ujira mdogo, kisha zikarushwa kutoka simu hata simu pasipo gharama, na katika mwendo huo wote mtunzi hakupata hata senti moja, na mara nyingi hata jina lake halikufuatana na sauti yake.

Sheria ya Tanzania hailifumbii macho jambo hili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, ambayo iliifuta ile ya mwaka 1966, yampa mtunzi haki za namna mbili: haki ya mapato, yaani hapana mtu awezaye kunakili, kuuza au kutangaza kazi yake kwa faida bila ya idhini, na haki ya heshima, yaani jina lake litajwe na kazi yake isiharibiwe. Hakishiriki ni za waimbaji, watoa santuri na watangazaji. Haki hizi huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, wala hazingoji usajili, ingawa usajili ni ushahidi mwema siku ya daawa. Hudumu aushi ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hesabu hiyo tungo za mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Januari 1979, zitakuwa mali ya warithi wake mpaka mwaka 2029. Mwaka ule ule wa 1999, bunge letu lilipokuwa likiipitisha sheria ambayo kwa sehemu kubwa iliwaza kanda na vitabu, kijana mmoja nchini Marekani alianzisha Napster, programu iliyowawezesha watu kupeana nyimbo kwa intaneti bila ya kukutana; na tangu hapo sheria, huku na huko, imekuwa ikikimbia nyuma ya chombo.

Nchi ya Unyanyembe, yaani Tabora na viunga vyake, ilizoea tangu zamani kuona nyimbo zikisafiri. Misafara ilipokuwa ikipita Tabora, mmoja ukishuka Bagamoyo na mwingine ukielekea Ujiji, wapagazi wa Kinyamwezi waliimba njiani, na wimbo ulipokewa kinywa hata kinywa, ukaongezwa na kupunguzwa, wala hapana aliyedhani kwamba ameghasibiwa. Sababu yake ni kwamba wimbo haukuweza kutengana na mwimbaji: aliyetaka ngoma ya manju fulani hakuwa na budi kumwita manju mwenyewe, akamlisha, na watu wakamtunza pale pale uwanjani. Mashine ya kunakili ndiyo iliyovunja mshikamano huo. Na tukitaka kuufahamu uchumi wa wimbo wa leo, na tuikumbuke desturi ya hongo, ushuru ambao watemi waliutoza kwa misafara iliyopita nchini mwao, na ambao ulikuwa miongoni mwa sababu za vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora vilivyoanza mwaka 1871. Ushuru ule ulikuwa mzito, lakini mwenye shehena alijulikana; alitoa sehemu akabaki na sehemu. Wimbo wa leo hutozwa kila kituo, ilhali mwenye shehena hayumo katika hesabu: kampuni ya simu imeuza bando, mtandao umeuza matangazo, kijana wa memori kadi amepokea ujira, mwenye baa amejaza viti.

Tabora yenyewe ina deni kubwa katika habari hii, au tuseme inadai deni kubwa. Mji huu ulilea Kiko Kids ya Salum Zahoro, ukalea Nyanyembe Jazz, ukalea Tabora Jazz, ambayo Shem Karenga aliipa wimbo wa Dada Asha ulioimbwa Afrika Mashariki nzima. Bendi za bara zilisafiri mpaka Dar es Salaam kurekodi katika studio ya Radio Tanzania. Sauti ikabaki katika maktaba ya redio, santuri zikatengenezwa Nairobi, na ilipoingia kanda ya kaseti kila duka lenye mashine mbili likawa kiwanda. Wanamuziki wengi wa zama zile walizeeka wakisikia sauti zao sokoni bila ya kuona mrabaha. Leo nyimbo zile zile zimo katika YouTube, nyingi zikiwa zimewekwa na wapenzi wa muziki, na insafu yanilazimu kusema kwamba baadhi ya watu hao wameziokoa tungo ambazo zingekufa pamoja na santuri zilizopasuka. Lakini kuokoa mali ya mtu si kuimiliki. Na anayeiweka tungo bila ya kumtaja mtunzi amemnyima haki ambayo haikumgharimu kitu kuitimiza.

Kwa hiyo simlaumu sana mchungaji wa Uyui. Yeye hana duka la muziki karibu, na bei ya kusikiliza kwa njia ya halali mara nyingi hupimwa kwa mifuko ya mjini. Lawama iwaangukie kwanza wanaochuma. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe Ambwene Yesaya na Hamis Mwinjuma, ambao mashabiki huwajua kwa majina ya AY na MwanaFA, zaidi ya shilingi bilioni 2, kwa kuwa nyimbo zao zilitumiwa kuwa miito ya simu bila ya idhini. Na ijapokuwa shauri hilo lilipanda ngazi za rufaa, lilikwisha kuwaonyesha watu kwamba sauti ndogo ya sekunde chache, ikizidishwa kwa wateja wengi, ni utajiri mkubwa. Wasanii wale walikuwa mashuhuri na walikuwa na mawakili. Manju wa kijijini ana nini?

Tena chombo kilichotengenezwa ili kulinda chaweza kumgeukia. Tangu mwaka 2007 YouTube ina mtambo ambao hulinganisha kila sauti inayopandishwa na sauti zilizokwisha sajiliwa na wenyewe, na ikifanana, mwenye usajili huweza kuiondoa au kuchukua fedha za matangazo. Ni hekima kubwa. Lakini mtambo hutambua usajili, hautambui ukweli. Mtu akimrekodi manju harusini kwa simu, kisha akaisajili sauti kwa jina lake, manju atakapopandisha wimbo wake mwenyewe ndiye atakayehesabiwa mwizi.

Dawa zimeanza kutafutwa. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka tozo ya hakimiliki juu ya vifaa vinavyoweza kunakili sauti na picha, ili sehemu yake iwafikie wasanii. Na hili naliona kuwa jambo la haki, kwa kuwa hukubali kwamba watu watanakili na hutafuta njia ya malipo badala ya kumvizia kila mwenye simu. Fauka ya hayo, sheria ya 1999 ina sehemu nzima juu ya sanaa za jadi, ambayo huitaka idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa pale mtu anapotaka kuitumia kibiashara ngoma ya jamii, mathalani ile iitwayo hiyari ya moyo ya Wanyamwezi, nje ya mahali pake pa asili. Hata hivyo wimbo wa manju si ngoma ya jamii. Una mtunzi, naye ni mtu mmoja mwenye kijiji na watoto, na sheria humlinda hata kama hajaandika neno kwenye karatasi.

Lakini fedha za tozo hugawanywa kwa majina, na majina hayo hayajaandikwa. Afisa utamaduni wa wilaya aweza kuanza kazi hii kwa daftari na simu ya kurekodia: nani alitunga, wapi, lini, nani aliitikia, warithi ni akina nani. Wazee waliopiga magitaa ya Tabora na walioongoza ngoma za Uyui wamebaki wachache, nao ndio wanaojua ni kinywa gani kilichotoa wimbo upi. Na kwa kuwa sheria huanza kuhesabu miaka yake 50 siku mtunzi anapokufa, mrithi ambaye hawezi kuthibitisha kwamba baba yake alitunga hana hata mwaka mmoja wa kudai.