Nafasi ya Kiswahili katika Mafunzo ya Tiba ya Dharura

Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililipuka katikati ya jiji la Nairobi na kuua watu zaidi ya 200. Maelfu walijeruhiwa. Msiba kama huo huhitaji madaktari waliofunzwa mahsusi kukabiliana na dharura. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianzisha mafunzo ya ubingwa wa taaluma hiyo mwaka 2010.

Mafunzo ya aina hii huwa na shughuli kadhaa. Kwanza, wanagenzi huwahudumia wagonjwa chini ya usimamizi wa bingwa. Pili, huigiza dharura kwa kutumia sanamu, kila mmoja akiwa na jukumu lake. Tatu, hukutana kuchanganua vifo na makosa ili yasirudiwe.

Aghalabu mijadala hiyo huendeshwa kwa Kiingereza, ilhali wagonjwa wengi hujieleza kwa Kiswahili. Mkaazi wa Satellite akisema "mkono unauma," huenda anakusudia kiganja, kiwiko au mkono mzima. Vilevile, asemaye ana "kizunguzungu" huenda anaona dunia ikimzunguka, au yu karibu kuzirai. Hali hizo mbili zaweza kuwa na visababishi tofauti kabisa, na muda wa kuuliza ni mfupi.

Hivyo basi, wanaisimu hawana budi kushirikiana na matabibu: wakusanye kauli za wagonjwa, wazifafanue, na kuziingiza katika maigizo ya mafunzo. Istilahi sanifu pekee hazitoshi iwapo daktari hamwelewi mgonjwa aliye mbele yake.