Timu Hii Ni ya Nani?

Mwalimu wenu na aandike neno moja ubaoni: kuwakilisha. Lisomeni pamoja naye polepole: ku-wa-ki-li-sha. Anayewakilisha watu husimama mahali pao na kusema kwa niaba yao. Mjumbe wenu huwawakilisha kwa sababu ninyi mlimtuma. Na timu ya mpira inayoitwa kwa jina la mji, nani aliyeituma?

Leo tutalitazama swali hili katika nchi ya Marekani, maana huko limeleta kesi na machozi. Huko timu kubwa za wachezaji wa kulipwa, karibu zote, ni mali ya matajiri. Tajiri huinunua timu kama mtu anunuavyo duka. Lakini timu huitwa kwa jina la mji, au hata la jimbo zima.

Mwaka 1961 timu moja ya besiboli, yaani mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, ilihamia jimbo la Minnesota. Huko kuna miji miwili jirani, Minneapolis na Saint Paul, yenye kushindana tangu zamani. Timu ingechukua jina la mji mmoja, mji wa pili ungenuna. Basi ikaitwa Minnesota Twins, maana yake Mapacha wa Minnesota. Jina la jimbo likawaingiza wote.

Lakini jina zuri halimzuii mwenye mali. Sikilizeni habari ya mji wa Cleveland, katika jimbo la Ohio. Timu yao ya mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa zaidi kwa mikono, iliitwa Cleveland Browns. Ilianza kucheza mwaka 1946. Baba alimrithisha mwana ushabiki wake. Tarehe 6 Novemba 1995 mwenye timu, Bwana Art Modell, akatangaza kwamba anaihamishia Baltimore, mji uliomwahidi uwanja mpya. Alisema anapata hasara. Kesho yake wananchi wa Cleveland walikuwa na kura ya kodi ya pombe na sigara, ili uwanja wao utengenezwe. Walipiga kura, wakaikubali kodi ile. Hebu fikirini: watu wanakubali kutoa fedha zao kwa ajili ya timu iliyokwisha kuwaaga!

Ni kama mtu aje kijijini kwenu, afungue duka, aliite Duka la Kijiji. Mnamsaidia kusimamisha kuta. Kisha anafunga mizigo na kwenda zake, na kibao chenye jina lenu anakichukua.

Wakuu wa Cleveland hawakukaa kimya. Walikwenda mahakamani. Mwaka 1996 wakapatana: Bwana Modell aende na wachezaji wake, lakini jina, rangi na historia ya timu vibaki Cleveland. Huko Baltimore timu ikaitwa Ravens, yaani Kunguru. Cleveland walikaa bila timu mpaka mwaka 1999, ilipoundwa timu mpya kwa jina lile la zamani. Mimi naona walidai haki yao. Jina la mji ni mali ya wakaaji wake, na anayelitaka aliazime kwa masharti.

Iko njia nyingine. Green Bay, katika jimbo la Wisconsin, ni mji mdogo wa watu kama laki moja. Tangu mwaka 1923 timu yake, Green Bay Packers, ni ya watu wenye hisa. Hisa ni sehemu ndogo ya mali. Leo wenye hisa ni zaidi ya nusu milioni. Hawagawiwi faida hata senti moja, lakini hakuna tajiri mmoja awezaye kuichukua timu na kuondoka nayo.

Kabla ya somo lijalo, jadilianeni darasani: kama mtu anataka kuipa timu yake jina la mji wenu, mtampa masharti gani? Kila mmoja aandike sharti moja katika daftari lake. Kwaherini.