Nishani ya Taifa na Mwanamichezo wa Kulipwa

Mfanyakazi akimaliza zamu yake hupewa ujira wake, na akiisha kuupokea hana tena la kudai kwa siku ile. Lakini yuko mfanyakazi mmoja katika dunia ya leo ambaye akiisha kulipwa, tena akalipwa vizuri, watu humwandama kwa ngoma na tarumbeta wakitaka Serikali imvishe nishani juu ya mshahara. Huyo ni mwanamichezo wa kulipwa. Je, yapasa?

Swali hili si la kipuuzi, na kwetu Tanzania limepata uzito mpya tangu Septemba 15, 2025, siku ambayo Alphonce Simbu alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia mjini Tokyo. Baada ya kilometa 42 na ushei, alimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde moja. Kabla yake hapakuwa na Mtanzania aliyepata kutwaa dhahabu katika mashindano hayo ya ubingwa wa dunia. Furaha ya wananchi ilikuwa kubwa, nayo ilikuwa halali. Hata hivyo zawadi ya bingwa ilikuwa dola 70,000 za Marekani, na kukimbia ndiyo kazi ya Simbu. Zaidi ya makofi, taifa lina deni gani kwake?

Wapo wasemao kwamba halina hata senti. Wanauliza, na wana haki ya kuuliza, mbona muuguzi anayekesha katika zahanati ya shamba havishwi kitu, wala fundi wa reli, wala mwalimu aliyefundisha miaka thelathini chini ya bati linalovuja. Sauti hiyo aghalabu hutoka kwa watu wa kazi, nasi hatuibezi. Lakini hoja ya fedha peke yake haisimami. Jaji hulipwa, jemadari hulipwa, waziri hulipwa, na vifuani mwao tumeziona nishani nyingi. Kama mshahara ungekuwa ndio unaoifuta heshima, nishani zote zingebaki ghalani zikiota kutu.

Tena mchezaji ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine. Huko Uingereza, hadi Januari 1961, mchezaji wa kandanda hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa juma, ingawa viwanja vilijaa watazamaji na viingilio vilihesabiwa kila Jumamosi. Chama cha wachezaji ndicho kilichoivunja kanuni hiyo, kwa kutishia mgomo. Stanley Matthews, aliyepewa cheo cha ‘Sir’ mwaka 1965 akiwa bado mchezaji, alisakata mpira karibu maisha yake yote chini ya mipaka ya namna hiyo. Sisi tunaotetea ujira wa haki hatuwezi kugeuka leo na kumwambia mtu kwamba ujira umemtia doa.

Basi kipimo na kiwe kingine. Twauliza: ni kitu gani mtu huyu alikitoa ambacho hapana aliyemlipa kukitoa?

Tumchukue Filbert Bayi. Februari 2, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kijana huyu askari, mwenye umri wa miaka ishirini, alishika uongozi wa mbio za mita 1,500 tangu mwanzo na hakuuachia. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia, na John Walker, mwenyeji wa nchi ile, akafika nyuma yake. Mwaka uliofuata Bayi akavunja na rekodi ya maili moja mjini Kingston, Jamaika. Dunia nzima ya riadha ikawa inahesabu siku kuelekea Michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, ili Bayi na Walker wakutane tena.

Hawakukutana. Mwaka ule timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini, katika majira yale yale ambapo watoto wa Soweto walikuwa wakipigwa risasi. New Zealand haikufukuzwa Olimpiki, na Tanzania pamoja na nchi zaidi ya ishirini, nyingi zao za Afrika, zikasusia. Uamuzi ulikuwa sahihi, nasi hatuutetei kwa kusitasita. Lakini uamuzi wa nchi hulipiwa na mtu fulani, na safari hii waliolipa ni wakimbiaji. Walker alitwaa dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17, sekunde saba nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch. Hatusemi Bayi angeshinda. Fainali za Olimpiki hukimbiwa kwa hila, na hila humwangusha hata mwenye kasi. Tunasema kwamba nafasi ile ilikuwa mali yake, na taifa liliichukua kwa ajili ya ukombozi wa watu wengine. Naye hakukimbilia nchi nyingine. Mwaka 1980 alikwenda Moscow, akarudi na medali ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji, kama vile Suleiman Nyambui alivyorudi na yake ya mita 5,000. Hadi leo Tanzania haijapata medali nyingine za Olimpiki. Baadaye Bayi alianzisha shule Kibaha.

Huyo ana deni kwetu, au sisi tuna deni kwake?

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Henry Rono wa Kenya, aliyevunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978. Montreal hakukimbia na Moscow hakukimbia, maana nchi yake ilisusia mara zote mbili. Alipofariki Februari 2024 hakuwa amewahi kukanyaga uwanja wa Olimpiki kama mshindani.

Na wale wa kulipwa hasa? Muhammad Ali alikuwa wa kulipwa kuliko wote. Mwaka 1967 alikataa kwenda kuwapiga Wavietnamu, akanyang'anywa ubingwa, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana, katika umri ambao bondia huvuna. Serikali yake ilipomvisha nishani kubwa ya raia mwaka 2005, haikumvisha kwa ngumi zake tu. (Ni Ali huyo huyo aliyetumwa Dar es Salaam mwaka 1980 kutushawishi tuisusie Moscow, Mwalimu hakumpokea, na alifanya vema.)

Kwa kipimo hiki tunatazama kwa shaka kidogo yale yaliyofanyika kwa jirani zetu. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna, Oktoba 12, 2019, katika mbio zilizogharimiwa na kampuni, akisindikizwa na wakimbiaji wa kupokezana, hata muda wake haukuandikwa kuwa rekodi. Siku nane baadaye, Sikukuu ya Mashujaa, Rais wa Kenya alimvisha nishani mjini Mombasa. Kipchoge ni mtu wa kuheshimiwa, lakini siku nane hazitoshi kupima kitu. John Stephen Akhwari, aliyefika wa mwisho Mexico mwaka 1968 huku goti limefungwa bendeji, alipewa nishani ya ushujaa mwaka 1983. Miaka kumi na mitano ni mingi mno, ila hapana aliyeweza kusema kwamba alipewa kwa pupa.

Kwa hiyo Simbu na aachwe akimbie. Dhahabu ya Tokyo ni yake na fedha ni zake. Siku atakapovua viatu ndipo tutazame alichowaachia vijana. Lakini waliochaguliwa kwenda Montreal wasingojeshwe tena. Majina yao yatafutwe katika majalada ya mwaka 1976, mmoja mmoja, wakimbiaji na walimu wao. Walio hai waitwe, na waliotangulia waitiwe wajane wao na watoto wao.