Msururu wa karata uliofika Kampala mchezo ukielekea ukingoni

PAKITI ya mwisho iliitwa 'Kampala Ascendent', yaani Kampala inayopaa. Ilitolewa mwaka wa 2018, ikiwa ya sita na ya kufunga msururu wa Kitara katika mchezo wa karata wa Android: Netrunner, ambao hadithi yake imewekwa katika karne zijazo. Mnamo Juni 8 mwaka uo huo, wachapishaji wake, Fantasy Flight Games ya Marekani, walitangaza kwamba mauzo ya mchezo wenyewe yangekoma.

Hivyo ndivyo Afrika Mashariki ilivyopewa kiti mezani wakati ambapo meza yenyewe ilikuwa karibu kuondolewa.

Netrunner huchezwa na watu wawili ambao hawafanani kwa lolote. Mmoja ni kampuni kubwa yenye siri za kulinda. Mwingine ni mdukuzi anayejaribu kuzipenya kompyuta zake. Kampuni hupanga karata zake zikiwa zimefunikwa, ikiziwekea programu za ulinzi mbele. Mdukuzi naye huamua ni wapi pa kushambulia bila kujua kama atakuta hazina au mtego. Anayetangulia kufikisha alama saba za ajenda ndiye mshindi.

Aliyeubuni ni Richard Garfield, mwanahisabati aliyekuwa ameupa ulimwengu mchezo wa Magic: The Gathering mwaka wa 1993. Netrunner ulitolewa 1996 na kampuni ya Wizards of the Coast. Nyongeza ya kwanza, Proteus, yenye karata 154, ilifuata mwaka huo huo. Baada ya hapo kukawa kimya hadi 1999, ilipotoka Classic, nyongeza ndogo ya karata 52 tu. Mchezo ukafa, ingawa sifa zake hazikufa.

Fantasy Flight waliufufua mwaka wa 2012 kwa leseni ya Wizards. Walibadilisha pia namna ya kuuza. Zamani mnunuzi alifungua pakiti bila kujua ndani mna nini, mithili ya bahati nasibu, na mwenye pesa nyingi ndiye aliyekuwa na karata nzuri. Sasa kila pakiti ilikuwa na karata 60 zinazojulikana, na pakiti sita zilifanya msururu mmoja wenye mandhari yake. Msururu mmoja ulikuwa wa India, mwingine wa sayari ya Mihiri. Mwishoni mwa 2017 ikafika zamu ya Kitara.

Jina hilo si la kubuni. Kitara ni dola ya kale ambayo masimulizi ya eneo la Maziwa Makuu huihusisha na Bachwezi, na ambayo kumbukumbu yake ingali katika jina la ufalme wa Bunyoro-Kitara, magharibi mwa Uganda. Pakiti nyingine iliitwa kwa Nalubaale, jina la Kiganda la Ziwa Victoria, na nyingine kwa Naili Nyeupe.

Msomaji wa Kiswahili anayezipitia karata zenyewe atajikuta nyumbani. Mlinzi ni programu ya ulinzi, na jina linaisadifu kabisa. Mganga nayo ni programu ya mtego inayomdhuru mdukuzi. Mzaha huo huenda usiwapendeze waganga. Ipo Upya, ipo Kuwinda, na ipo kampuni iitwayo Mti Mwekundu, ambayo upatanisho wake wa kisarufi hauna dosari, jambo ambalo si la kawaida waandishi wa ng'ambo wanapokopa maneno yetu. Karata ya Mwanza City Grid, iliyopewa jina la jiji la Tanzania, humruhusu mdukuzi kuona karata tatu za ziada, huku kampuni ikivuna pesa kwa kila anachokiona.

Lawama haikosi. Anansi, buibui mjanja wa ngano za Waakan wa Ghana, amewekwa kapu moja na azmari, waimbaji wa Ethiopia, kana kwamba bara zima ni mtaa mmoja.

Hata hivyo, kuichagua Kampala kuna mantiki. Katika ulimwengu wa Android, watu hufika angani kwa lifti ndefu iliyojengwa Ecuador. Lifti ya aina hiyo, wazo lililoasisiwa na Mrusi Konstantin Tsiolkovsky mwaka wa 1895, hufaa kusimikwa kwenye ikweta, kwa kuwa setilaiti huweza kutulia juu ya sehemu moja ya dunia ikiwa tu inazunguka juu ya ikweta, umbali wa kilomita 35,786. Kampala iko karibu sana na mstari huo. Faida ya ikweta ndiyo pia iliyowaleta Waitaliano Malindi kurusha roketi katika miaka ya sitini. Kutoka jukwaa lao la San Marco, setilaiti ya Marekani ilirushwa Desemba 12, 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru.

Kilichouzima mchezo hakikuwa uhaba wa wachezaji. Leseni ilikuwa ya Wizards, nayo haikuendelezwa. Kuanzia Oktoba 22, 2018, Fantasy Flight hawakuwa tena na ruhusa ya kuuza hata karata moja.

Wachezaji hawakungoja mazishi. Mwaka huo huo walianzisha kundi la kujitolea, NISEI, lililotoa nyongeza yake ya kwanza, Downfall, mnamo 2019, na seti ya wanaoanza, System Gateway, mnamo 2021. Mwaka wa 2022 lilibadili jina na kuwa Null Signal Games. Karata zake huuzwa, lakini pia faili zake hutolewa bure ili asiye na uwezo azichapishe mwenyewe nyumbani. Pakiti za Kitara, kwa upande wake, zilibaki zile tu zilizokwisha kuchapishwa kabla ya leseni kukatika.