Kuchagua Kazi ya Maisha: Funzo kutoka Olmotonyi

Anayetoka Arusha mjini kwa barabara ya Namanga hufika Ngaramtoni, mji mdogo wenye soko mashuhuri na hospitali ambayo wenyeji huijua kwa jina la Selian. Si mbali na hapo, upande wa Mlima Meru, ndiko iliko Olmotonyi: mashamba ya mahindi na maharage, na juu yake msitu wa kupandwa wa misindano na misaipresi. Humo kimo Chuo cha Misitu, mojawapo ya vyuo vikongwe vya fani hiyo nchini, na umo pia msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wenye hekta 840 hivi, ambamo wanafunzi wa Morogoro hufanya mafunzo kwa vitendo. Kwa hiyo, katika eneo dogo, hupishana vijana wa koti jeupe na vijana wa buti za msituni, na wengi wao huenda walikaa dawati moja wakisoma tahasusi ileile.

Tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia humfungulia mhitimu wa kidato cha sita milango mingi: udaktari, ufamasia, uuguzi, maabara, lishe, mifugo, wanyamapori, misitu. Katika nyumba nyingi, hata hivyo, milango hiyo huhesabiwa kuwa mmoja tu. Mtoto huitwa “daktari” na shangazi zake tangu wiki ya kwanza ya kidato cha tano. Nafasi ya udaktari ikimkosa, huenda chuo cha misitu kana kwamba anakwenda matangani. Upo pia mkasa wa pili, ambao hausemwi sana: kijana aliyependa miti na udongo tangu utotoni, akapata alama za juu, na kwa sababu ya alama hizo akasukumwa kwenye udaktari. Wa kwanza huhurumiwa na wa pili hupongezwa, ilhali wote wawili wanaweza kufika kliniki miaka kumi baadaye wakilalamikia usingizi uliopotea, maumivu ya kichwa yasiyoonekana katika vipimo, na Jumapili jioni zinazotia hofu. Ndiyo maana suala la kuchagua kazi linastahili nafasi katika jarida la afya.

Mapenzi ya kazi hukua

Vijana wengi huambiwa kwamba kila mtu amezaliwa na jambo lake moja alipendalo, na kwamba wajibu wake ni kulitafuta mpaka alione. Ushauri huo ni mtamu, lakini una kasoro. Mwaka 2018 wanasaikolojia Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kuhusu imani hiyo. Katika mojawapo, washiriki walioneshwa filamu fupi ya kuvutia juu ya mashimo meusi ya angani, kisha wakapewa makala ngumu ya kisayansi kuhusu jambo hilohilo. Walioamini kwamba mapenzi ya jambo huwa yamekwisha kukamilika ndani ya mtu walipoteza hamu zaidi makala ilipokuwa ngumu, kuliko walioamini kwamba mapenzi hukuzwa. Kwa wale wa kwanza, ugumu ulikuwa ishara kwamba hapa si pao.

Mwanafunzi wa misitu hukutana na makala yake ngumu mapema. Mafunzo yake kwa sehemu kubwa si matembezi chini ya kivuli. Ni kujaza udongo katika viriba, kuhesabu miche iliyokufa, kupogolea matawi, kupima kipenyo cha shina katika kimo cha kifua, mti baada ya mti, kwenye mteremko wenye baridi na utelezi, na kuandika tarakimu ambazo kosa lake moja huvuruga makadirio ya mbao za eneo zima. Mti anaoushughulikia huchukua zaidi ya miaka 20 kufikia kuvunwa, na huenda ukakatwa na mtu ambaye bado hajazaliwa. Hakuna awezaye kulipenda jambo hilo kwa kulisikia tu. Hulipenda, kama atalipenda, siku ile anapoanza kuusoma msitu: anapoona kwa jicho kwamba kipande fulani kilichelewa kupunguziwa miti, au kwamba udongo wa mahali fulani unabeba maji.

Kwa wanafunzi wa afya hali ni hiyohiyo. Majina ya mishipa ya mkono hayapendeki, wala zamu ya kwanza ya usiku. Busara ni kwamba mtu asiamue kuacha fani katika wiki ya mitihani, wala asubuhi ya baada ya zamu mbaya. Lakini subira nayo ina mpaka. Aliyekwisha kupata ujuzi wa kutosha kuifanya kazi vizuri, akapumzika ipasavyo, na bado akaiona haina maana kwake, huyo ana taarifa ya kweli mkononi, na haifai kumtia aibu.

Jambo analolithamini

Mapenzi ni kitu kimoja na mambo mtu anayoyathamini ni kitu kingine. Mapenzi hujibu swali la shughuli: kupima, kufundisha, kutengeneza, kusikiliza. Thamani hujibu swali la kusudi: shughuli hiyo inamlinda nani, inaheshimu nini. Aghalabu mtu huzitambua thamani zake kwa kuangalia mambo yanayomkera kuliko yanayomburudisha. Anayeshindwa kulala kwa sababu mama mjamzito alisubirishwa foleni, na anayeshindwa kulala kwa sababu daftari la dawa halilingani na zilizomo kabatini, wote ni watu waadilifu. Lakini hawafai kupangiwa dawati moja.

Maisha ya Wangari Maathai wa Kenya yanaonesha tofauti hiyo vizuri. Alisoma biolojia nchini Marekani, akapata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, akafundisha anatomia ya mifugo. Alipokuwa akitafiti kupe waenezao ndigana kali, aliona mito iliyojaa tope na ng'ombe waliokonda. Wanawake wa vijijini nao walisema kwamba kuni, maji na chakula vilikuwa vinawaishia. Mwaka 1977 alianzisha harakati za kupanda miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Mtu anaweza kusema alihama fani. Ni sahihi zaidi kusema kwamba aliona chanzo cha tatizo kiko mbali kidogo na maabara yake, akaenda kukifuata.

Mfano wa karibu zaidi upo katika maji ya Meru. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkeno ya mlima huo huchukua floridi, na katika chemchemi na visima vingi vya pande hizo kiwango chake huzidi miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Matokeo yake huonekana kwenye meno yenye madoa ya kahawia na, kwa walioathirika zaidi, kwenye mifupa iliyopinda na viungo vilivyokakamaa. Kijana anayethamini afya ya watoto wa Arumeru anaweza kulishughulikia jambo hilohilo akiwa daktari wa meno, mteknolojia wa maabara anayepima maji, au mtafiti kama wale wa kituo cha Ngurdoto walioendeleza matumizi ya mkaa wa mifupa kuchuja floridi. Anaweza pia kuwa bwana miti anayelinda vyanzo vya maji. Na hapa ifahamike kwamba msitu hauondoi floridi, bali huzuia mmomonyoko na kusaidia maji kuingia ardhini. Kwa hiyo aliyekosa udaktari hajaikosa lazima ile kazi aliyoitaka moyoni. Ni vema mzazi aambiwe hivyo kabla fomu za maombi hazijajazwa.

Neno wito na uzito wake

Katika vyuo vya uuguzi, mwanafunzi hulisikia neno wito kabla hajajua kushika sindano. Ni neno zuri, na wauguzi wengi wamelibeba kwa heshima maisha yao yote. Tatizo huanza neno hilo linapotumiwa kujaza pengo la watumishi wawili wasiokuwepo, posho isiyolipwa, au likizo iliyoahirishwa mara ya tatu. Mwenye wito huona haya kulalamika, na kwa sababu hiyo huchelewa kutafuta msaada.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa lililoanza kutumika mwaka 2022, limeueleza uchovu uliokithiri wa kazi kuwa hali inayohusu kazi, si ugonjwa. Chanzo chake ni msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa. Alama zake ni tatu: nguvu kuisha kabisa, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, kwa mfano mhudumu kuanza kuwaita wagonjwa kwa namba za vitanda, na kuona kwamba juhudi zake hazizai kitu. Hali hiyo isichanganywe na sonona. Huzuni au kukosa hamu ya mambo yote kukidumu wiki mbili au zaidi, kukiandamana na mabadiliko ya usingizi na hamu ya chakula na kumfuata mtu hadi nyumbani na hata likizoni, ni sababu ya kumwona mtaalamu wa afya. Yanapokuja mawazo ya kufa au kujidhuru, msaada utafutwe siku hiyohiyo.

Lipo jeraha jingine. Mwaka 1984 Andrew Jameton, akiandika juu ya maadili ya uuguzi, alieleza dhiki ya dhamira: mtumishi anajua lililo sahihi, ila mazingira ya taasisi yanamzuia kulitenda. Muuguzi anayejua mtoto anahitaji oksijeni na mtungi ni mmoja kwa watoto wawili hakosei kuchagua fani. Anaumia kwa sababu aliichagua vizuri. Kumshauri mtu wa namna hiyo “atafute kazi anayoipenda” ni kumtibu asiye mgonjwa.

Hata hivyo, ndani ya kazi ileile pana nafasi ya kujitengenezea maana. Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, katika makala yao ya mwaka 2001, walieleza habari za wafanya usafi wa hospitali moja nchini Marekani. Baadhi yao waliiona kazi kuwa ni kupiga deki tu. Wengine, wenye majukumu hayohayo, walijihesabu kuwa sehemu ya uponyaji: walizungumza na wagonjwa, wakapanga ratiba ya usafi isivuruge kazi ya wauguzi, na mmoja alikuwa akibadilisha mahali pa picha ukutani katika vyumba vya wagonjwa wasio na fahamu, akitumaini kwamba badiliko dogo lingewasaidia. Hakuna aliyewaagiza. Habari hii imnufaishe mfanyakazi, isimnufaishe msimamizi anayetafuta sababu ya kutonunua glavu.

Ugonjwa unapobadilisha njia

Wako wanaolazimika kuchagua upya kazi kwa sababu ya mwili. Kijana wa misitu mwenye kifafa ambacho dawa hazijakidhibiti hapaswi kupanda mti, kushika msumeno wa mnyororo, kuendesha gari wala kulinda moto usiku peke yake. Akiambiwa maneno hayo tu na kufungiwa faili, atatoka kliniki akiamini kwamba msitu umekwisha. Ukweli ni kwamba fani hiyo ina kazi za mbegu, ramani, takwimu na elimu kwa wanavijiji. Mwenye pumu atahitaji kukaa mbali na vumbi la kiwanda cha mbao, si lazima mbali na misitu. Ndivyo ilivyo kwa mwalimu aliyepoteza sauti na dereva anayepungukiwa na uwezo wa kuona.

Daktari Bernardino Ramazzini wa Italia, katika kitabu chake cha mwaka 1700 juu ya magonjwa ya wafanyakazi, aliwataka madaktari wamuulize kila mgonjwa anafanya kazi gani. Swali hilo bado husahaulika katika foleni ndefu. Leo linaweza kuongezewa la pili: katika kazi hiyo, ni kipi ambacho usingependa kukipoteza? Jibu humwonesha mhudumu ni kitu gani ajitahidi kukiokoa.

Mgonjwa naye ajue haki zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu au maambukizi ya VVU. Inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, kwa cheti cha daktari: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Aliyeumia au kuugua kutokana na kazi yake aulize kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi mapema, kabla hajakubali kuacha kazi.

Barua ya daktari kwa mwajiri au chuo hupaswa kutaja yale mgonjwa anayoweza kuyafanya, yale ya kuepuka, kwa muda gani, na tarehe ya kupimwa tena. Jina la ugonjwa haliandikwi bila idhini ya mgonjwa mwenyewe. Naye asomewe barua hiyo kabla haijatiwa muhuri, kwa lugha anayoielewa.